Mnazi wa Mwanaidi na Malimbuko Yetu

Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu, aletaye mvua kwa wakati wake na kuituliza kwa wakati wake, aliyenilea tangu nikiwa mchanga hadi leo nimeota mvi na bado ninayo meno ya kutafunia muhindi wa kuchoma. Namshukuru kwa pumzi. Namshukuru kwa Bwana wetu Yesu Kristo aliyenishika mkono. Namshukuru kwa ajili yako pia, mwanangu unayesoma, uwe wa nyumba yangu au wa nyumba nyingine.

Wajukuu zangu walioko ng'ambo hunipigia simu kila mwaka ifikapo Oktoba. "Bibi, huku miti inapukutisha majani, yamekuwa mekundu na manjano, laiti ungeyaona!" Nami huwaambia, hata kwetu yapo. Mbele ya nyumba yangu hapa Bongwe upo mti wa mkungu, na majani yake mapana huiva yakawa mekundu kama kitambaa cha sikukuu, yakaanguka uani moja moja, nami nikayafagia huku naimba. Tofauti ni kwamba wao majani yakianguka hujifungia ndani kuingoja baridi. Sisi yakianguka tunatoka nje. Mvua za vuli zimekaribia, mpunga mpya uko ghalani, mikorosho imejaa maua, na moyo wangu huu mkongwe unaanza kurukaruka kama wa msichana aliyesikia ngoma ya arusi mtaa wa pili. Una sababu yake. Tulia nikueleze.

Nakumbuka siku moja ya Jumapili, msimu huo huo wa vuli, katika miaka ile ya hamsini, nikiwa msichana niliyekwisha kuvunja ungo na kumaliza shule ya misheni. Baba yangu, Fundi Yohana, alikuwa Mrabai, seremala. Alikuja huku kusini kutengeneza milango na madirisha ya nyumba zilizokuwa zikijengwa kando ya pwani ya Diani, akatuhamishia Bongwe sote. Wakristo tulikuwa wachache, tukiishi katikati ya Wadigo Waislamu waliotupokea vizuri, na kanisa letu lilikuwa la udongo na makuti, na madawati aliyoyachonga baba. Siku hiyo tulikuwa tunafanya Sikukuu ya Mavuno kwa mara ya kwanza. Kila nyumba ilitakiwa ilete malimbuko, yaani tunda la kwanza la shamba lake, iliweke mbele za Bwana.

We, mwanangu! Ungeliona kanisa lile! Mchele wa mwaka ule ndani ya vikapu, mihogo iliyooshwa ikawa myeupe, kunde, ndimu, majogoo waliofungwa miguu wakiwika katikati ya zaburi. Nilikuwa katika kwaya, nimevaa gauni jipya, na nywele nimezisuka upya. Si kwa ajili ya wimbo. Jioni ya siku ile wazee wa Mwalimu Elia walikuwa waje kwetu kuniposa.

Mwalimu Elia alikuwa kijana wa Kitaita aliyetoka milimani kuja kufundisha katika shule ya kanisa letu. Alikuwa mrefu, mpole, na sauti yake ya besi ilikuwa ikitikisa makuti. Mimi na yeye tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu na habari za nyimbo, lakini nilikwisha kuamua, na nilihisi yeye pia amekwisha kuamua. Baba ndiye aliyekuwa bado. Baba alitaka mkwe Mrabai, mtu ambaye ukoo wake anaujua. Tena miaka ile serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari huko bara kwa sababu ya wapiganaji wa msituni, na mtu yeyote aliyetoka bara alitazamwa mara mbili. "Simjui," baba alikuwa akisema. "Anaimba vizuri, anasali vizuri, lakini simjui." Alikubali tu kuwasikiliza wazee wake. Jibu lake alikuwa nalo mwenyewe kifuani, hata mama hakulijua.

Basi wakati wa kuleta malimbuko ulipofika, Mwalimu Elia akaingia amebeba begani kichala kizima cha madafu ya kitamli, yale ya rangi ya chungwa, matamu kuliko yote, yakimetameta kwa umande. Alikuwa amepewa kipande cha shamba alime, na pembeni mwa shamba lile palikuwa na mnazi mfupi uliozaa mwaka ule kwa mara ya kwanza. Alipouona umezaa alifurahi kama mtoto. Tunda la kwanza la shamba lake la kwanza! Alikata kichala kizima asijibakizie hata dafu moja, akakiweka mezani kwa Bwana, akarudi kuketi karibu na mjomba wake aliyeteremka kutoka Taita kuja kumsemea.

Mama, aliyekuwa dawati la mbele, akaninong'oneza, "Funga kinywa, mwanangu, nzi wataingia."

Mwinjilisti wetu, Zakaria, mtu mwenye maombi marefu, akaanza kuiombea nchi. Ilikuwa lazima kuiombea, kwa maana nchi ilikuwa imevurugika. Na kwa kweli hatukujua hasa ni nchi ipi. Huku pwani ilipepea bendera nyekundu ya Sultani, na juu ya ofisi za serikali ilikuwako ya Waingereza, na mtu ukimwuliza kwenu ni wapi alikutajia kilima chake au kisima chake. Tulifumba macho, tukasema, "Bwana, iponye nchi yetu," na kila mtu akaona yake moyoni.

Katikati ya maombi kivuli kikaingia mlangoni. Nilichungulia, Mungu anisamehe. Alikuwa Bibi Mwanakombo.

Hapana mtu Bongwe aliyekuwa hamjui Bibi Mwanakombo. Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi mkali na mkono mpana wa kutoa, na ndugu yake ndiye aliyempa Mwalimu Elia lile shamba. Alikuwa hajapata kukanyaga kanisani. Alivua viatu mlangoni kama aingiavyo msikitini, akajitanda kanga yake vizuri, akaketi dawati la mwisho, akangoja. Mwinjilisti aliposema Amina, yeye naye akaitikia, "Amin," kwa sauti iliyosikika. Ndipo watu wote wakageuka.

"Salaam aleikum, wenyewe," akasema.

"Aleikum salaam, Bibi. Karibu," baba akamjibu, maana alikuwa mzee wa kanisa.

"Nimekaribia. Nimengoja mmalize, kwa sababu mtu haingilii katikati ya maombi. Mmemaliza?"

"Bado sadaka, Bibi," Mwinjilisti akasema.

"Basi hiyo hiyo sadaka ndiyo iliyonileta." Akanyoosha kidole mezani. "Yale madafu ni ya Mwanaidi."

Mwanaidi alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa pale na mnazi ukapandwa juu yake, ukawa wake yeye, si wa bibi, si wa mjomba. Na kwa desturi ya nyumba yao, dafu la kwanza la mti kama ule hunywewa na mwenye kitovu kabla ya mtu mwingine yeyote kuonja. "Asubuhi nimemwogesha," Bibi Mwanakombo akasema. "Nimemtia hina tangu jana. Nimemvisha kanzu mpya, nimemshika mkono, nikamwambia, twende mama ukanywe dafu lako. Tumefika, tumeukuta mti umenyolewa kipara. Sasa yuko nyumbani analia hata hina inamtoka."

Unajua, mwanangu, sisi tuliozaliwa pwani tulielewa mara moja. Huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mti uliosimama juu yake ukawa wa mtu mwingine, tangu enzi za mababu. Elia wa watu hakujua. Alivyolelewa yeye, mtu akipewa shamba amepewa na kilichosimama ndani yake. Na ubaya ni kwamba mnazi wenyewe ulikuwa mfupi, madafu unayakata ukiwa umesimama chini. Ungekuwa mrefu angemwita mkwezi, na hapana mkwezi wa Bongwe ambaye angepanda kabla ya kuuliza mti ni wa nani.

Mwinjilisti Zakaria akajinyoosha. "Bibi, shamba lile mwalimu amepewa na ndugu yako mwenyewe."

"Ndugu yangu amempa udongo. Mti hakumpa. Atampaje kisicho chake?"

"Hata hivyo, kilichokwisha kuwekwa mezani kwa Bwana hakiondolewi."

"Mungu hashikwi na njaa, baba," Bibi Mwanakombo akamjibu kwa upole. "Mtoto ndiye anayelia."

Baba akamgeukia Elia. "Mwalimu, kabla ya kukata ulimwuliza nani?"

Elia akasimama. "Sikumwuliza mtu, Mzee."

"Haya," akasema baba.

Baba yangu alikuwa fundi wa milango, na lile neno "haya" lake, akilisema kwa namna ile, lilikuwa mlango uliokwisha kupigiliwa misumari. Nikaona jioni yangu inapotea. Nikamwona mjomba wa Elia anamvuta shati na kumnong'oneza, nami nilikuwa karibu nikasikia: "Keti, kijana. Shamba umepewa mbele ya watu. Mwinjilisti wako mwenyewe anakutetea. Ukijitia aibu hapa, yule mzee hatakupa binti." Na kweli, Mwinjilisti ndiye aliyeisimamia shule. Kumpinga mbele ya kanisa zima kulikuwa kuhatarisha kazi, na asiye na kazi angeposa kwa uso gani?

Elia hakuketi. Alikwenda mpaka mezani, akainama kidogo, akakishika kile kichala.

"Mwalimu!" Mwinjilisti akapaza sauti. "Ukivuka mlango huo na sadaka ya Bwana, utanieleza."

"Mwinjilisti, bado sijatoa sadaka," Elia akasema. "Mtu hawezi kutoa kisicho chake. Nitarudi nikiwa na changu." Akakitupa kichala begani, akamwambia Bibi Mwanakombo, "Nipeleke kwa mwenyewe, Bibi. Nitamwomba radhi."

Akatoka. Baba akachukua kofia yake akatoka nyuma yake. Kwaya nayo, mwanangu, ikatoka! Kanisa zima lililokuwa na miguu likatoka, na mama akiwa wa kwanza, huku akisema tunakwenda kuhakikisha amani. Amani gani! Tulikwenda kutazama. Na tulipofika njiani, mvua ya kwanza ya vuli ikaanza kudondoka, matone makubwa ya uvuguvugu, harufu ya vumbi lililolowa ikapanda, na watoto wakaanza kupiga vigelegele bila kujua wanampigia nani.

Bibi Mwanakombo alitembea mbele na fimbo yake ya mkwaju, hana haraka, akimtania Elia. "Hamisha bega, mwalimu, hilo limechoka. Ulipokuwa ukiuvua mti wa watu hukuchoka?"

"Sikukusudia kuiba, Bibi."

"Ningalidhani umeiba ningalikuja na vijana na fimbo. Mwizi angekata akayapeleka sokoni Ukunda. Wewe umekata ukampelekea Mungu. Ndiyo maana nimekuja peke yangu, tena nimevua na viatu." Akaenda kidogo, kisha akasema, "Nimewasikia mkiiombea nchi. Nimeitikia, maana ni maombi mazuri. Lakini wewe ni mwalimu, hebu niambie. Nchi ni nini?"

Elia, masikini, akajibu kama yuko darasani. "Nchi ni ardhi, Bibi, pamoja na mipaka yake."

"Hivyo ndivyo mnavyowafunza watoto? Ala!" Akasimama hapo hapo kwenye mvua, sote tukasimama. "Hapa ulipokanyaga ni ardhi ya ndugu yangu. Mnazi huo ni wa marehemu shangazi yangu, sasa anao mpwa wake. Mkorosho ule aliupanda Mkamba mmoja aliyeishi hapa tangu sijaolewa, akaenda zake, na mpaka leo tukiokota korosho zake tunamwekea fungu lake, kwa maana huenda akarudi. Kisima kile alichimba baba yangu, wanateka wote, na mama yake huyu msichana wa kwaya anayekutazama sana anateka pia." Watu wakacheka, nami nikatamani mchanga unimeze. "Hiyo ndiyo nchi, mwanangu. Udongo wa mmoja, mti wa mwingine, maji ya wote, na watu wanaoulizana. Siku watu watakapoacha kuulizana, hata mkiwa na bendera kumi hamna nchi."

Elia akainamisha kichwa. "Nimekusikia, Bibi. Nisingeweza kumwuliza mtu ambaye sikujua kama yupo. Lakini ilinipasa kuuliza kama yupo."

Nilimtazama baba. Alikuwa amevua kofia, mvua inampiga upara, anasikiliza.

Tukafika. Mwanaidi alikuwa ameketi barazani katika kanzu yake mpya, hina mpaka viwiko, kamasi na machozi, amenuna kama liwali aliyecheleweshewa kahawa. Elia akapiga magoti kwenye matope mbele yake na suruali yake ya Jumapili. "Mwenye mti," akamwambia, "mimi ndiye niliyekata madafu yako bila ruhusa. Nimekurudishia yote. Niwie radhi."

Mtoto akamtazama, akamtazama bibi yake. "Nifungulie," akasema.

Akaletewa panga. Jamani, Wataita wana mambo yao wanayoyaweza, lakini yule kijana alikuwa hajapata kufungua dafu mbele ya watu. Aligonga huku, akagonga kule, dafu likamponyoka likabingirika uani na watoto wakalikimbilia, akalishika tena, panga likapita karibu na kidole gumba nami nikapiga ukelele. Watu walicheka hadi wakaegemeana.

"Lete hapa," ikasema sauti nyuma yangu. "Utajikata, uje uwape watu kazi ya kukufunga bandeji Jumapili."

Alikuwa baba. Akakunja mikono ya shati lake, akalipima lile dafu kiganjani kama apimavyo kipande cha mbao, akalichonga kichwa kwa mapigo machache, likafunguka safi, wala tone halikumwagika. Halafu hakumpa mtoto. Alimpa Elia. Na Elia akampa mtoto kwa mikono miwili.

Mwanaidi akanywa. Maji yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye kanzu. Hakupumzika hata akamaliza, akapumua, akasema, "Tamu." Uwanja mzima ukapiga vigelegele, Waislamu na Wakristo, na mama yangu ndiye aliyevipiga virefu kuliko wote.

"Na haya mengine?" mtoto akauliza.

"Mti wako, mali yako," bibi yake akamwambia. "Mpe umtakaye."

Akaanza kugawa kama mkubwa wa mji. La bibi, la mama, la binamu zake, la Fundi Yohana kwa sababu amefungua vizuri. Mwishowe likabaki moja dogo kabisa, lililobanwa katikati ya mengine likakosa nafasi ya kukua. Akalichukua akampa Elia. "Hili mpelekee Mungu."

"Mbona umempa dogo?" akauliza Bibi Mwanakombo.

"Yeye anayo mengi."

Tulirudi kanisani tumelowa chapachapa. Mwinjilisti Zakaria hakuwa ameondoka, alikuwa ameketi peke yake na majogoo. Elia akaliweka lile dafu dogo mezani. Mwinjilisti akalitazama. "Hili ni la nani?"

"La Mwanaidi. Amelitoa mwenyewe, kwa hiari yake."

Mwanangu, nimeshuhudia sadaka nyingi maishani, lakini ile Mwinjilisti aliiinua juu kwa mikono yote miwili, akamwombea mtoto yule kwa jina, yeye na nyumba yake na mti wake, maombi mafupi kuliko yote niliyopata kuyasikia kinywani mwake. Kisha akamshika Elia bega. Wala habari ya kumweleza haikutajwa tena.

Lakini jioni ilikuwa bado mbele yangu. Baba alikuwa ameketi ukumbini na kanzu yake safi. Mama alinikataza kutoka chumbani, nami nilikuwa nimebandika jicho penye ufa wa mlango, mlango alioutengeneza baba mwenyewe, na nilimshukuru Mungu kwamba mbao za kwetu hupasuka jua likizidi. Saa ya wageni ikafika, wageni hawakuja. Mjomba wa Elia alikuwa ameona aibu. Alikuwa amesema, kama nilivyopata kuambiwa baadaye, hawezi kwenda kuomba mke kwa mtu aliyeyashuhudia yale ya asubuhi. Nikaanza kulia bila sauti.

Mara, "Hodi!"

"Karibu."

Akaingia Bibi Mwanakombo, amevaa leso zake za sikukuu, ananukia udi, na nyuma yake yule mjomba anamfuata kama mtoto anayepelekwa kutahiriwa.

"Fundi Yohana," akasema alipokwisha kuketi na kuulizana hali za watu wote mpaka kuku. "Nimekuja kuposa."

Baba akastaajabu. "Kumposea nani?"

"Huyu kijana wenu wa milimani. Hana mama huku, hana shangazi. Ninyi mnaposaje bila mwanamke wa kusema? Na huyu mjomba wake nimemkuta ameshikwa na aibu, basi nimekuja mimi."

"Bibi, si wewe uliyemshtaki asubuhi mbele ya kanisa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana namjua."

Nilimwona baba akiinama. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka, mabega yanatikisika. Alicheka hata akafuta macho. Kisha akakaza uso.

"Nami nilikuwa nikisema simjui," akasema. "Leo nimemwona mtu akikosea mbele za watu na akitengeneza mbele za watu, na hakuna aliyemlazimisha. Wapo jamaa zangu niliokaa nao miaka na sijawaona wakifanya hivyo. Kwa upande wangu, sina neno." Mjomba akaanza kuinuka kushukuru, baba akamzuia kwa mkono. "Ngojeni. Kuna mwenyewe ambaye bado hatujamwuliza."

Zama zile, mwanangu, binti hakuitwa ukumbini wageni wakiwapo. Wazazi walikubaliana, wewe ukaambiwa. Baba yangu hakuwa amepata kufanya vile, wala babu yake. Aligeuka akautazama ule mlango wenye ufa kana kwamba anaona jicho langu, na bila shaka alikuwa akiliona.

"Njoo hapa, mama," akaniita. "Watu hawa wamekuja kwa ajili yako. Baba yako ameridhika, lakini maisha ni yako. Je, wewe mwenyewe una..."

"Ndiyo!" nikasema.

Hakuwa hata amemaliza swali. Nilisema tukiwa bado na mlango kati yetu, kwa sauti ya kwaya, ya kwanza kabisa. Bibi Mwanakombo akapiga kigelegele kimoja kilichoamsha mbuzi wa jirani, mama akakidaka jikoni, na yule mjomba wa Kitaita akasema, "Basi, nadhani jibu tumelipata."

Niliishi na Elia wangu mpaka Bwana alipomwita, hapa hapa Bongwe, na watoto wetu wakazaliwa hapa. Tumeona bendera zikishushwa na bendera yetu wenyewe ikipandishwa, tukalia kwa furaha. Tumeona pia watu wakigombania mashamba ya pwani hii kwa karatasi na kwa mapanga, wakiapa kwamba wanaipenda nchi. Mimi nilikuwa nikiwatazama, nikitafuta ni nani kati yao aliyekwenda kwa jirani akabisha hodi kwanza.

Kwa hiyo nasaha zangu kwako ni hizi, mwanangu, nazo ni nyepesi kubeba. Uliza. Kabla hujakata, uliza ni nani aliyepanda, hata kama umepewa haki mbele ya mashahidi. Hata unapotaka kumpa Mungu, uliza kwanza kama unachompa ni chako, kwa kuwa Yeye hapendezwi na shukrani inayomliza mtoto wa jirani. Ukigundua umechukua kisicho chako, kirudishe mchana, kwa miguu yako, na usione haya kupiga magoti mbele ya aliye mdogo kuliko wewe. Asiyesali kama wewe si mgeni katika nchi yako. Huenda ndiye atakayekuja kukusemea siku watu wako watakapoona aibu. Na nyumbani mwako, mkeo, mumeo, binti yako, mwanao, waulize. Utastaajabu jinsi walivyokuwa na jibu tayari, wamelishika muda wote, wakingoja tu mtu awaulize.

Mungu wa mvua na mavuno akubariki wewe unayesoma, akupe cha kutoa na moyo wa kukitoa. Akupe majirani wasemao kweli na kukucheka kwa upendo. Aibariki nyumba yako ipate kicheko, aibariki nchi hii na wote walioipanda miti yake, wanaojulikana na waliosahauliwa. Na neema yake ikae nawe asubuhi na jioni, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.